Safari ya meli kwenye Nile, Luxor mpaka Aswan: namna ya kuipanga ili mahekalu uyaone kweli

Kila anayeniuliza kuhusu safari ya meli Misri anaanza na meli yenyewe. Ina bwawa? Kabini ina balkoni? Chakula kikoje? Mimi namrudisha kwenye ratiba, maana meli nyingi za Luxor–Aswan zinafanana, ni ghorofa tatu nne, bufee chini, deki ya jua na kibwawa juu, ila ratiba ndo inaamua kama hekalu la Edfu utaliona asubuhi kukiwa na nafasi ya kusimama na kutazama ukuta, au utaingia pamoja na abiria wa meli nyingine zote zilizofika saa ileile halafu dakika arobaini baadaye unaitwa kwenye basi. Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, mwambie wakala akutumie ratiba ya saa kwa saa. Akikutumia picha za vyumba tu, tafuta mwingine.

Hatua ya 1: Chagua njia na mwelekeo

Nile inatoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo ukitoka Luxor kwenda Aswan unapanda mto, ukitoka Aswan unashuka nao. Umbali ni kama kilomita 200 na kidogo, sio mbali, meli inatembea masaa machache tu na muda mwingi imefungwa gatini. Kawaida wanauza siku 5 usiku 4 kuanzia Luxor, na siku 4 usiku 3 kuanzia Aswan. Mimi nashauri uanzie Luxor. Sababu ni kwamba Luxor ndo kuna vitu vingi, na ile ya usiku 3 inakufikisha Luxor umeshachoka halafu hekalu la Karnak na makaburi ya Bonde la Wafalme vinabanwa siku moja. Sababu ya pili naipenda zaidi, ukianzia Luxor unaanza na kazi za mafarao wa Ufalme Mpya, akina Hatshepsut, Seti na Ramesses, miaka elfu tatu na zaidi iliyopita, halafu kadiri unavyopanda unakutana na mahekalu ya Edfu na Kom Ombo ambayo yalijengwa enzi za wafalme wenye asili ya Ugiriki, akina Ptolemy, na jicho lako linakuwa limeshazoea kiasi cha kuona tofauti, miili iliyochongwa inakuwa minene zaidi, nguzo zina maua ya kila aina juu, maandishi yanabanana ukutani.

Kama una hela zaidi kidogo na hupendi umati, ulizia dahabiya, hizi ni boti za matanga zinazobeba watu wachache, zinakwenda taratibu na zinasimama sehemu ambazo meli kubwa zinapita tu, kama Gebel el-Silsila ambako ndo walikuwa wanakata mawe ya mchanga ya kujengea mahekalu. Kama hela ni kidogo na wewe ni kijana, kuna faluka, mnalala juu ya boti kwenye magodoro chini ya nyota, choo ni kichakani. Faluka ni nzuri kwa mto wenyewe, ila kwa mahekalu meli au dahabiya ni bora zaidi.

Hatua ya 2: Msimu

Oktoba mpaka Aprili. Juni, Julai na Agosti Aswan inapita digrii 40 mchana, na makaburi ya Luxor yako kwenye bonde la mawe matupu lisilo na mti hata mmoja. Bei inashuka sana kiangazi, ni kweli, ila ukienda na wazazi au watoto wadogo mnaweza kuishia kukaa kwenye kiyoyozi. Krismasi na mwaka mpya bei inapaa na meli zinajaa. Ramadhani ni tulivu, lakini ulizia saa za kufungua maana sehemu nyingi zinafunga mapema. Na watu wa Dar na Mombasa nawaambia kabisa, Desemba na Januari usiku kwenye deki kuna baridi ya kweli, beba sweta na soksi.

Hatua ya 3: Karatasi na hela

Viza shughulikia ubalozi wa Misri mapema, usipande ndege kwa kutegemea ya uwanjani kisa umeona Mzungu fulani kaipata hapo, masharti yanategemea pasipoti. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano beba, wanaiulizia kwa wanaotoka huku kwetu. EgyptAir wanaruka Cairo kutoka Dar, Nairobi na Entebbe, ukifika Cairo unaunganisha ndege ya kama saa moja mpaka Luxor, au unapanda treni, ni kama masaa kumi, na ipo ya kulala.

Tiketi za kuingia ziko za aina mbili, bei ya Wamisri na Waarabu, na bei ya wageni. Sisi ni wageni, tunalipa ya juu, hakuna ujanja hapo. Ila mwanafunzi mwenye kitambulisho cha chuo kinachotambulika kimataifa analipa nusu, na kwa mtu anayeingia sehemu kumi hiyo ni pesa nyingi. Sehemu nyingi kubwa siku hizi dirisha la tiketi linapokea kadi ya benki tu, cash hawataki, kwa hiyo kabla ya kuondoka hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi. Muulize wakala swali hili kwa maandishi: tiketi za kuingia zimo kwenye bei au hazimo? Makaburi ya tiketi ya ziada? Boti ya kwenda hekalu la Philae kule Aswan? Gari la kwenda hekalu la Abu Simbel? Mara nyingi hayo manne ndo yanageuza safari ya bei poa kuwa ya bei ghali.

Halafu badilisha noti ndogondogo. Paundi kumi, ishirini, hamsini, zigawe kwenye mifuko miwili. Vyoo vinataka hela, mbeba begi anataka, mzee wa kaburini anataka. Bakshishi kule ni sehemu ya maisha na wengi mshahara wao ni mdogo, toa kwa moyo, ila toa pale ulipohudumiwa. Ukifundisha macho yako namba za Kiarabu, zile zinazoandikwa ٥ kwa tano na ٧ kwa saba, utasoma bei za sokoni mwenyewe, na kwa masikio huna shida, akisema sitta, sab'a, tis'a au ishrin unaelewa bila kufundishwa.

Hatua ya 4: Kabini

Hapa nitakuwa mfupi. Omba ghorofa ya juu, mbali na injini. Meli zikifika mjini zinafungwa ubavu kwa ubavu, tano sita, kwa hiyo ukitaka kutoka unapita kwenye lobi ya meli ya jirani, na ya jirani yake, mpaka ukanyage nchi kavu, na ile balkoni uliyolipia inaweza kuwa inatazamana na dirisha la mtu mwingine. Mto utautazamia kwenye deki. Maji ya bomba usinywe, hata kupiga mswaki tumia ya chupa. Vinywaji kwa kawaida havimo kwenye bei hata kama chakula kimo.

Hatua ya 5: Luxor, na hapa usikubali kuharakishwa

Kama unaweza, fika Luxor siku moja au mbili kabla ya meli. Kwa safari nzima huu ndo ushauri ninaousisitiza kuliko wote. Meli itakupa Karnak na hekalu la Luxor upande wa mashariki, na upande wa magharibi Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut na zile sanamu mbili za Memnon, basi. Siku yako ya ziada unaitumia kwa Medinet Habu, hekalu la Ramesses III, ambalo rangi bado zipo na maandishi yamechongwa kina kirefu kiasi cha kuzamisha kiganja, na wageni ni wachache. Na kijiji cha Deir el-Medina walikoishi mafundi wenyewe waliochonga makaburi ya wafalme, ambao nao walijichongea yao, madogo, chumba kimoja, rangi kali utadhani wamemaliza wiki iliyopita.

Karnak nenda asubuhi sana. Ule ukumbi wa nguzo una nguzo 134, zile 12 za katikati zina urefu wa kama mita 21. Ukiwa pale usiishie kupiga selfi chini, inua kichwa utazame upande wa chini wa mawe yaliyolala juu ya nguzo, jua halifiki pale, rangi ya bluu na nyekundu na njano imebaki. Hekalu la Luxor liache kwa jioni, linawashwa taa na linachelewa kufunga. Barabara ya sanamu za simba wenye vichwa vya watu inayounganisha mahekalu haya mawili, kama kilomita 2.7, ilifunguliwa tena Novemba 2021, unaweza kuitembea.

Bonde la Wafalme lina utaratibu wake. Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo, wanabadilishabadilisha ili kuta zipumzike, maana pumzi na jasho letu ndo vinaharibu rangi. Kwa matatu hayo, kama yako wazi, mimi huwa nawaelekeza watu Ramesses III, Ramesses IV na Ramesses IX, hayana ngazi za kutisha na kuta zimejaa. Mwenye miguu mizuri na asiyeogopa kubanwa aende la Thutmose III, liko juu kabisa mwishoni mwa bonde, ngazi kali kweli.

Yapo pia ya tiketi ya ziada, na matatu ndo yanayotajwa sana. La Tutankhamun, la Seti I, na la Ramesses V na VI, hili ni kaburi moja la wafalme wawili. Hapa watu wengi wanakimbilia la Tutankhamun kwa sababu ya jina. Sikukatazi, mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilikuta Novemba 1922 likiwa bado na vitu vyake na maiti yenyewe bado imelala mle, ila ni kaburi dogo na chumba kilichochorwa ni kimoja tu, hazina zake ziko makumbusho ya Giza, kando ya Cairo. Ukiingia tazama ukuta wenye nyani 12 wameketi kwenye miraba, ndo masaa 12 ya usiku ambayo jua linasafiri chini ya ardhi. La Seti I ni refu na bora kuliko yote na tiketi yake ni ghali kuliko yote pia, mwenye uwezo asisite. Lakini kama hela inatosha moja tu, chukua Ramesses V na VI. Unashuka mteremko mrefu ulionyooka mpaka chumba cha mwisho, unatazama dari, na unamkuta mungu wa kike Nut amechorwa mara mbili, mgongo kwa mgongo, mwili wake umenyooshwa urefu wa dari nzima, rangi ya dhahabu juu ya weusi wa usiku. Jioni analimeza jua, linapita ndani ya mwili wake saa kwa saa, alfajiri analizaa. Unaweza kulifuata kwa kidole kutoka mdomoni mpaka linapotoka. Kaa pale. Acha kundi lako litangulie.

Picha za simu ruksa, flashi marufuku. Na yule mlinzi akikuita kwa ishara upite nyuma ya kamba akuonyeshe "kitu special", ujue unadaiwa hela, na tena unasogelea ukuta ambao haustahili kuguswa. Mwambie la, shukran, endelea.

Kwa Hatshepsut, farao mwanamke wa karne ya 15 KK, wengi wanapiga picha ya mbele wanaondoka. Panda mpaka ngazi ya pili, kata kushoto. Kwenye ukuta ule kuna safari ya majahazi aliyotuma nchi ya Punt, kuna nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo na ngazi yake, kuna miti ya manemane inabebwa na mizizi yake kwenye vikapu ikapandwe Misri, chini kwenye maji kuna samaki wa bahari waliochorwa vizuri. Punt ilikuwa wapi wataalamu bado wanajadili, wengi wanataja pande za Eritrea, Ethiopia, Somalia na mashariki ya Sudan. Kwa mtu anayetoka huku kwetu ukuta ule una uzito wa pekee, upe robo saa.

Hatua ya 6: Esna, Edfu, Kom Ombo

Meli ikiondoka Luxor itafika Esna kwenye lango la maji, inaingia kwenye kisanduku cha zege, milango inafungwa nyuma, maji yanajaa, meli inapanda. Foleni inaweza kuwa ndefu. Na kabla ya lango ndo unaona wale vijana na vimashua vyao wamejifunga kwa kamba kwenye meli, wanarusha mashuka, kanzu na mitandio iliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki mpaka deki ya juu kabisa, ghorofa nne, bila kukosea. Unafungua, unatazama, mnapatana kwa kupiga kelele, hela unaweka kwenye mfuko unaurusha chini. Ukiwa hutaki, rudisha kwa kumrushia kwenye mashua na sio majini, hiyo ndo mali yake. Esna kwenyewe kuna hekalu la Khnum, liko chini ya usawa wa mji kama mita 9, na masizi ya karne nyingi yamesafishwa dari ikatoa rangi ambazo hakuna aliyejua zipo. Meli nyingi hazishushi watu. Uliza kama yako inashusha.

Edfu ni hekalu la Horus, mungu mwewe, lilianzishwa mwaka 237 KK likamalizika 57 KK, na ndo lililobaki zima kuliko yote Misri, dari ipo, giza la ndani lipo kama makuhani walivyolijua. Limebaki hivyo kwa sababu lilifukiwa na mchanga na watu wakajenga nyumba juu yake, mpaka Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua mwaka 1860. Mwombe mwongozaji mtoke saa kumi na mbili kamili asubuhi, hata kwa kukosa kifungua kinywa. Kwenda hekaluni watakupakia kwenye mkokoteni wa farasi. Mimi nashauri mkataeni, farasi wengi pale wana vidonda na mbavu zinahesabika, chukua bajaji au teksi, au tembea, sio mbali.

Kom Ombo kawaida mnafika jioni. Hekalu moja lenye milango miwili, kumbi mbili, kila kitu viwili, upande wa Sobek mungu mamba na upande wa Horus Mkubwa. Ukuta wa nyuma kuna mchongo wa vifaa vinavyofanana kabisa na vya upasuaji, mikasi, visu, ndoano, na kando yake wanawake wamekaa kwenye viti vya kujifungulia. Pembeni kuna kisima cha kupimia kina cha mto. Mafuriko ya kila mwaka yalitokana zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, maji yetu ya Ziwa Victoria yanayotokea Jinja yakija taratibu mwaka mzima, na kwa kipimo kile serikali ilijua mavuno yatakuwaje na kodi iwe kiasi gani. Makumbusho ya mamba waliokaushwa iko hapohapo, usiipite.

Hatua ya 7: Aswan

Kuna jiwe la obeliski ambalo halikumalizika, kama mita 42, lilipasuka likiwa bado limeshikana na mwamba wakaliacha. Watu wanalipita haraka, ila alama za nyundo za mawe zilizobaki ndo darasa zuri zaidi la jinsi walivyofanya kazi.

Philae, hekalu la Isis, liko kisiwani na lazima boti. Patana bei ya boti ya kwenda na kurudi, na muda wa kusubiri, kabla hujakanyaga ndani. Hekalu lote lilihamishwa jiwe kwa jiwe kwenda kisiwa cha Agilkia kwa mradi wa UNESCO miaka ya 70, maji ya mabwawa yalikuwa yameshalifunika. Maandishi ya hieroglifu, yale ya picha ya Misri ya kale, ya mwisho kabisa tunayoyajua yako hapo, mwaka 394 BK, na kuna misalaba imechongwa ukutani ya Wakristo waliolitumia baadaye. Mwambie mwongozaji akuonyeshe vyote viwili.

Mchana uende Makumbusho ya Nubia, ilifunguliwa 1997. Nawasihi kwa hili. Bwawa Kuu la Aswan lililojengwa 1960 mpaka 1970 lilizamisha nchi ya Wanubi, maelfu kwa maelfu walihamishwa kutoka vijiji vyao Misri na Sudan, na ratiba za meli zinazungumzia mawe yaliyookolewa zaidi ya watu waliohamishwa. Ukimaliza, unywe karkade, ni ileile rozela yetu, Aswan wanaijua.

Abu Simbel ni kama kilomita 280 kusini na meli haifiki, ni gari la saa kumi alfajiri, masaa matatu na zaidi jangwani, mnakaa kama masaa mawili, mnarudi mchana. Nenda. Sanamu nne za Ramesses II, mita 20 kila moja, hekalu zima lilikatwa na kupandishwa juu kama mita 65 kati ya 1964 na 1968, na sanamu moja iliyovunjika sehemu ya juu zamani waliipeleka hivyohivyo na vipande vyake wakaviweka chini miguuni kama vilivyokuwa. Wengi wanaishia nje, wewe ingia, ukuta wa kulia una vita vya Kadeshi, alivyopigana Ramesses II na Wahiti. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua linafika mpaka chumba cha ndani kabisa, ila siku hizo umati ni mkubwa mno.

Safari hii mara nyingi wanaiweka siku ileile ya kutoka kwenye meli. Kwa hiyo usiku wa kuamkia hapo funga mabegi uyaache mapokezi, omba boksi la chakula cha asubuhi, na bahasha ya wafanyakazi wa meli iweke kabla ya kulala, kiwango kinachotajwa sana ni dola 5 mpaka 10 kwa mtu kwa siku, ya mwongozaji ni tofauti na unampa mkononi. Ndege ya kutoka Aswan usikate ya kabla ya saa kumi na moja jioni.